Sindano na Jembe la Boila

Mnanisumbua tu. Kalamu nimeishika ukubwani, herufi nazipanda moja moja kama mbegu, na mgongo unauma kabla mstari haujafika mwisho. Lakini mjukuu wa mdogo wangu kaja na daftari jipya, kaliweka mezani, kasema Bibi, andika habari za babu za kazini, wewe ndiye unayezijua. Babu mwenyewe yu hai. Anakaa mlango wa tatu kutoka hapa, anakula, analala, anakoroma mpaka paka wanahama. Mkamwulize yeye. Ila najua kwa nini hamwendi kwake. Ukimwuliza atakwambia kwamba siku ya mkaguzi aliingia ndani ya boila mbele ya watu wote, akatoka akipigiwa makofi. Hakuingia. Nilikuwa nimesimama hatua sita kutoka pale, na shuka la watu begani. Basi nitaandika kama ilivyokuwa, na humu ndani nitajiita dada yake tu, maana habari ni yake, si yangu.

Kiwanda kilikuwa cha kufulia nguo. Si nguo za nyumba moja. Mashuka ya hoteli, mataulo ya hospitali, makoti ya madaktari, vitambaa vya meza vya watu wenye meza ndefu. Mbele kulikuwa na chumba cha mapipa ya kufulia, katikati chumba cha pasi, ambako dada yake alifanya kazi miaka ishirini na mbili bila kuunguza hata leso, na upande wa mwisho kulikuwa na stoo. Nyuma ya ukuta wa stoo ndipo ilipokaa boila. Boila, kwa asiyeijua, ni pipa la chuma lililolala ubavu, refu kama chumba, lina moto chini na maji tumboni. Maji yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unapita kwenye mabomba na kwenda kuchemsha mapipa na kutia joto pasi. Ikizima boila, watu arobaini wanakaa chini.

Sasa maji ya mji ule yalikuwa na chokaa. Mvuke huondoka, chokaa haiondoki. Inashuka chini ya boila pamoja na kutu na mchanga, inakuwa tope jeupe, zito kama uji uliosahauliwa jikoni. Tope hilo likinenepa, moto unaunguza chuma badala ya kuchemsha maji, na siku chuma kikichoka hakitoi barua ya kuaga. Kwa hiyo kila Jumapili ya nne moto ulizimwa tangu Ijumaa, boila ikapoa, kifuniko cha juu kikafunguliwa, na mtu akaingia ndani na ndoo na sepetu fupi akalizoa lile tope.

Tundu lenyewe la kuingilia lilikuwa na umbo la yai. Dogo. Mtu mwembamba aliingia kwa kutanguliza miguu, kuinua mikono juu na kutoa pumzi yote aliyozaliwa nayo. Ndiyo maana kazi ile haikutolewa kwa cheti. Siku ya kuajiri, meneja aliwapanga vijana saba mbele ya boila baridi, akasema anayepita tundu hili ndiye mwenye kazi. Sita walikwama mabegani au makalioni. Wa saba alipita bila kugusa ukingo, akaonekana kichwa tena, akauliza kama aendelee kukaa humo au atoke. Wafuaji wakacheka, wakamwita Sindano. Jina lake la kuzaliwa halikuitwa tena pale kiwandani, hata kwenye orodha ya zamu.

Sindano aliipenda ile boila kuliko anavyokubali kusema. Alijua ikikohoa inataka nini, na ikinyamaza yeye ameikosea nini. Kulikuwa na koki chini mbele, ya kumwagia maji machafu. Wao walisema kuitapisha boila. Asubuhi Sindano akiifungua, maji yalitoka kwa ngurumo mpaka mfereji wa nje ukafoka, naye alisimama pale kama mama aliyempigapiga mtoto mgongoni mpaka akacheua.

Kisha akaoa.

Hapo ndipo panapobishaniwa mpaka leo. Mkewe anajua kupika, hilo dada yake hawezi kulikataa, mkono wa wifi ule hata maji ya kunywa yakipita kwake yanapata ladha. Sahani ya kwanza ilikuwa ya njaa, ya pili ya heshima, ya tatu kwa sababu wifi alisimama juu yake na upawa akimwuliza kama chakula chake kibaya. Wifi anasema ni yeye aliyemfanya mume wake awe mtu wa kutazamika. Dada yake anasema si chakula, ni mifupa. Katika ukoo wetu mtu akifika miaka thelathini mifupa hutanuka, baba yetu alikuwa hivyo hivyo. Vyovyote vile, mwaka wa kwanza vifungo vya shati vilisogezwa. Mwaka wa pili mkanda ulitobolewa tundu jipya. Mwaka wa tatu, Jumapili moja saa tatu asubuhi, Sindano alitanguliza miguu kwenye tundu la boila kama kawaida yake. Miguu ikapita, nyonga zikapita kwa kubembelezwa, tumbo likakataa.

Alitoa pumzi. Alishuka kidogo, akakaza zaidi, kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Alipotaka kurudi juu, tumbo likawa limeshazoea mahali lilipo. Nusu yake iko gizani, vidole vya miguu vinagusa tope. Nusu yake iko nje, mikono juu, kama mtu anayeomba dua na hajibiwi. Angeweza kumwita mlinzi wa getini. Hakumwita. Alikuwa radhi kuozea pale kuliko mlinzi aende kusimulia. Kwenye rafu ya ukutani kulikuwa na kopo la sabuni laini ya kufulia, na mkono wake ulipungukiwa urefu wa dhiraa moja tu kulifikia. Mkanda wake alikuwa ameutundika kwenye bomba la karibu. Alihangaika na mkanda ule kama mvuvi, akitupa na kuvuta, mpaka saa nane mchana kishikizo kilipolinasa kopo. Alijipaka mduara mzima. Alitoka kama mtoto anavyotoka, kwa kelele na utelezi, na ngozi ya ubavuni ikabaki palepale.

Mkewe alimwuliza mbona ananukia sabuni. Akasema ameoga kazini.

Usidhani hofu yake ilikuwa ya kuchekwa tu. Aliyekuwa na kazi ile kabla yake naye alinenepa, akapewa ufagio wa getini, na mwezi haukuisha hakuonekana tena. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni moja, na kanuni yenyewe ilikuwa na umbo la yai. Na Sindano hakuwa na kazi nyingine duniani. Alikuwa na boila, alikuwa na mke, na mtoto wa kwanza alikuwa njiani.

Mara moja kwa mwaka alikuja mkaguzi wa serikali kuitazama boila. Siku hiyo, mbele ya kila mtu, mtunza boila ndiye hutangulia kuingia, akampokelea mkaguzi taa na nyundo kutoka ndani. Mkaguzi alikuwa amepita wiki mbili tu zilizopita. Kwa hiyo Sindano alikuwa na miezi kumi na moja na kidogo ya kupungua, au ya kufanya lingine. Kupungua, kwa mke yule, lilikuwa jambo la kusahau.

Tope la mwezi ule lilikuwa bado limo. Chini kabisa mbele ya boila, kando ya koki, palikuwa na kitundu kingine cha kuingiza mkono, kimefunikwa kwa bamba la chuma na boliti. Sindano alilala kifudifudi sakafuni, akapitisha mkono, akachota tope kwa upawa aliouiba jikoni kwake. Alifikia pale mkono unapofikia. Kule nyuma hakufika. Akalala pale shavu likiwa sakafuni, akawaza kwamba hahitaji kuingia mtu mzima. Kinachohitajika kuingia ni mkono, ila mkono wenyewe uwe mrefu kama chumba.

Wiki ile nzima alikuwa anazungukazunguka uani kwenye vyuma chakavu. Kulikuwa na mashine ya zamani ya kukamulia nguo, rola zake zimekufa, lakini chuma cha katikati ya rola kilikuwa cha mviringo na laini kama kimelambwa. Akakichukua na kukiunga na mwenzake. Mwisho wake akafunga kipande cha bati nene, kipana kama jembe, lakini hakukikaza. Alikifunga kwa bawaba. Ukisukuma fimbo kwenda mbele, jembe linalala na kuteleza juu ya tope. Ukivuta kurudi, jembe linasimama na kulikokota tope mpaka mbele, penye koki. Pale kwenye kitundu cha mkono akaweka bamba jipya lenye shimo katikati ya fimbo kupita, na kuizunguka fimbo akashindilia kamba iliyolowa grisi ili maji yasivuje. Bawaba zilitakiwa za shaba, zisile kutu. Za shaba alizijua ziko wapi.

Wifi alifungua kabati la nguo asubuhi, mlango ukamwangukia mguuni. Aliupanga mlango ukutani taratibu, akamsubiri mumewe arudi, na alipoingia hakumsalimu, alimwuliza bawaba zake zimeenda kwa mwanamke gani. Ndipo Sindano akamweleza yote, tundu, sabuni na jembe. Wifi alicheka mpaka akashika tumbo lililokuwa na mtoto. Kisha akampakulia chakula, kidogo kuliko siku zote, na alipoona mumewe anaitazama sahani kama yatima, akaongeza.

Mara ya kwanza Sindano alikosea. Alilivuta jembe mchana, boila imejaa mvuke, pasi zote zinafanya kazi. Fimbo ilitaka kumrukia kifuani, na tope lililokuwa limelala likaamka, likachanganyika na maji, likapanda na mvuke kwenye mabomba. Kule chumba cha pasi mashuka ya hoteli yalitoka na madoadoa ya rangi ya chai. Dada yake aliyafua upya kwa mkono, akaenda kumwuliza ana nini na boila leo. Sindano akasingizia maji ya mji. Dada mtu si mtoto. Alijua kuna jambo, akanyamaza, kwa sababu mdogo wako akiwa anadanganya vibaya hivyo, ujue bado hajazoea.

Baada ya hapo alijifunza adabu ya lile jembe. Alikuja alfajiri kabla wengine hawajafika, boila ikiwa vuguvugu tu na tope limeshatulia chini. Alivuta polepole, mara ishirini, bila pupa, ukivuta kwa pupa tope linakwepa pembeni. Kisha anafungua koki, na boila inatapika maji meupe kama maziwa, halafu ya kijivu, halafu safi. Kila siku kidogo. Zamani tope lilikaa wiki nne likisubiri Jumapili. Sasa halikupata hata nafasi ya kujuana.

Ila Jumapili ya nne ilikuwa bado ipo, na watu walijua Jumapili ya nne Sindano anaingia boila. Basi ikawa anakuja kama kawaida, anajifungia chumba cha boila, analala juu ya magunia matupu mpaka saa saba, kisha anachota tope alilolihifadhi kwenye ndoo na kujipaka usoni, mikononi na mgongoni mpaka panapofikika. Anatoka mweupe kama aliyeanguka kwenye gunia la unga. Mlinzi humpa pole. Naye huipokea ile pole kwa sauti ya uchovu, mtu yule hana haya.

Hivyo miezi mitano ilipita, na ingepita mingine kama si gasketi.

Gasketi ni pete ya mpira na kitani inayokaa kati ya kifuniko na ukingo wa tundu, mvuke usipenye. Kifuniko kikifunguliwa mara moja tu, gasketi hiyo imekufa. Lazima uweke mpya. Na gasketi zilikuwa kwa Mama Stoo. Mama Stoo alikuwa mjane mmoja mkavu, mwembamba, mkali, wa umri wa dada yake Sindano, ambaye akikupa kipande cha sabuni anataka aone mabaki ya kile cha zamani, yaani hata kimebaki unene wa ukucha ukilete. Zamani, kabla ya kila Jumapili ya nne, Sindano alikuwa akija kwake kuchukua gasketi moja. Siku moja anafuta vumbi kwenye rafu, anaona gasketi tano za miezi mitano ile hazijachukuliwa, zimekaa vilevile, hata buibui ameshajenga.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake. Kisha akakumbuka kwamba kiti chake kimegusana na ukuta, na nyuma ya ukuta ule ndiko iliko boila. Akainuka, akakisogeza kiti mpaka mlangoni, akaenda kwa meneja.

Meneja alimwita Sindano akamwuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. Ameingia boila lini? Sindano akasema boila ni safi. Meneja akasema hakuuliza kama ni safi, ameuliza lini. Sindano akasema tena boila ni safi. Kumwambia kwamba hajaingia kungetaka sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa pale mbele ya mkanda wake, inaonekana na kila mwenye macho, ila hakuna aliyekuwa ameitazama hivyo. Mwisho meneja akasema hatangoja mwaka uishe. Anamwomba mkaguzi aje Alhamisi. Sindano atatangulia kuingia kama kawaida. Likikutwa tope la miezi mitano, aende zake siku ileile, maana mtu anayeacha watu arobaini wakae juu ya kifo hafai hata kwa ufagio.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Sindano alikwenda nyumbani akakataa chakula. Jumanne akakataa. Wifi alimfuata dada yake Sindano kazini, machozi yakimlenga, akasema wifi, mwenzako hali. Dada yake alikwenda jioni ile, akamkuta ameketi kitandani amejifunga tumbo kwa shuka, amelikaza kama mzigo wa safari.

Akamwambia, "Mwili wa miaka mitatu hautoki kwa siku tatu. Kula, halafu kawaambie ukweli."

"Nitapita, dada. Nikitoa pumzi nitapita."

"Utakwama mbele ya mkaguzi, na safari hii kopo la sabuni nitalishika mimi."

Akashangaa dada amejuaje habari za sabuni. Mkewe, bila shaka. Wifi hana kufuli. Walibishana sana. Sindano alisema akikiri ni sawa na kuandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake. Dada yake akasema mficha uchi hazai, na kwamba jembe alilolitengeneza ni la kujivunia, anayelificha kama mtoto wa haramu ni mjinga. Hakukubali. Ubishi kwetu ni wa ukoo, na yeye alizaliwa wa mwisho, akapata masazo yote. Lakini chakula alikula.

Alhamisi kiwanda kizima kilisimama. Boila ilikuwa imepoa, kifuniko kimefunguliwa. Wafuaji walijazana mlangoni na mikono yao yenye mapovu, wapiga pasi nyuma yao. Mama Stoo alisimama mbele, gasketi mpya mkononi. Mkaguzi alikuwa mzee mrefu aliyekonda kama ufito, ana taa, nyundo ndogo na ndoo ya kuchukulia mfano wa tope. Meneja akasema, haya Sindano, tangulia.

Sindano alivua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya gunia. Akapanda ngazi. Alilitazama lile tundu, na dada yake aliona mgongo wake ukipanda na kushuka, anatafuta pumzi ya kutoa. Akashuka kipandio kimoja. Akakaa hapo. Kisha akageuka.

"Bwana meneja, siingii. Siwezi kuingia. Mara ya mwisho nilipojaribu nilitoka kwa sabuni."

Mfuaji mmoja akalitazama tumbo, na mwingine akalitazama, na kicheko kikaanza huku nyuma kikaja mbele kama maji ya mvua. Meneja hakucheka. Mama Stoo hakucheka.

Mama Stoo akasema, "Nilisema mimi. Miezi mitano tope linakaa nyuma ya kiti changu."

"Tope halipo, Mama Stoo."

"Limetoka lenyewe, kwa miguu?"

"Limetoka kwa bawaba za kabati la mke wangu."

Mkaguzi hakusubiri maelezo. Alivua koti, akapanda ngazi, akazama kwenye tundu kama barua kwenye sanduku. Taa yake ikawa inaonekana ikienda nyuma, ikirudi. Nyundo ikagonga, ko, ko, ko. Halafu sauti ikatoka ndani kama ya mtu anayesema mtungini.

"Tope liko wapi?"

Macho yote yakamgeukia Sindano.

"Nauliza tope liko wapi. Nimekuja na ndoo."

Sindano alikaa chini palepale kwenye ngazi. Mkaguzi alipotoka aliomba aonyeshwe. Sindano akamwonyesha fimbo, akaisukuma, akaivuta, akaeleza jinsi jembe linavyolala na kusimama, kwa nini alfajiri, kwa nini polepole. Alianza kwa kigugumizi, akamaliza anafundisha. Mkaguzi alilala kifudifudi sakafuni na shati lake jeupe ili aone kamba ya grisi. Aliinuka akasema miaka thelathini ameingia kwenye boila, na hajawahi kuona chini kusafi vile.

Kisha akasema neno jingine. Chini ni kusafi, lakini juu, kwenye mabomba ya moto yanayopita ndani ya boila, kuna ukoko wa chokaa, mgumu, unene wa ganda la yai. Ukoko hauvutwi kwa jembe. Unagongwa na nyundo, na mwenye nyundo awe ndani. Mara mbili kwa mwaka yatosha, ila mtu ni lazima aingie.

Meneja akapumua. Akasema pole kwa Sindano, na alimaanisha, akasema basi kanuni ni ileile, atatafuta mwembamba mwingine. Sindano akaanza kuvaa shati lake. Alikosea vifungo.

"Subiri kwanza, bwana meneja," akasema Mama Stoo. Akamgeukia mkaguzi akamwuliza, kati ya tope na ukoko, kipi kinachoua upesi. Mkaguzi akasema kwenye boila hii, tope. Akamwuliza akija mtu mpya, atalijua lile jembe? Mkaguzi akasema mtu mpya atalivuta mchana, atalivunja, na atachafua mashuka ya watu. Dada yake Sindano akakohoa pale nyuma.

Mama Stoo akamkabidhi meneja gasketi yake aishike. Akavua viatu, akafunga kitambaa kichwani, akafunga kingine kiunoni.

"Anayekaa nyuma ya ukuta huu ni mimi. Macho ya mtu mwingine siyaamini tena. Nipe hiyo taa."

Alipanda ngazi na umri wake, akainua mikono, akapita bila kugusa ukingo. Watu walisikia nyundo ikigonga, si kwa mpigo wa mkaguzi wa kuuliza, ni mpigo wa mtu anayedai. Baadaye sauti yake ikatoka humo, haina haraka. Ilisema humu ndani kuna nafasi kuliko stoo yake, na kwamba aliyeweka boliti ya nyuma hakuikaza. Sindano alipanda ngazi mbio, akainama tunduni, akamjibu kwamba boliti ile hukazwa kwa nje, asiiguse. Mama Stoo akamwambia asimfundishe. Walibishana hivyo, mmoja tumboni mwa boila na mwingine kichwa chini tunduni, mpaka meneja, ambaye dada yake Sindano hakuwahi kuyaona meno yake kwa miaka yote, akacheka.

Hapo ndipo Sindano alipobaki na kazi yake. Meneja alimsema sana kwa ule usanii wa kujipaka tope Jumapili, na mlinzi akadai arudishiwe pole zake. Bamba la kitundu lilichongwa upya na fundi wa vyuma, likapigwa muhuri wa mkaguzi. Wifi aliletewa bawaba mpya, za chuma, akazikataa mpaka zikaja za shaba. Mama Stoo aliingia boila mara mbili kila mwaka, miaka kumi na nne, na kila alipoingia walitukanana kwa heshima tangu asubuhi mpaka kifuniko kinafungwa. Na Sindano alivuta jembe lake kila alfajiri mpaka siku ya kustaafu, akazidi kunenepa, na hakuna kijana wa kiwandani aliyewahi kuuliza jina lile limetoka wapi. Walidhani ni utani wa kinyume.

Nimemaliza. Kidole kimevimba. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa bila kunipa hata glasi ya maji, inuka. Nenda jikoni kwenu, funua birika la mama yako, tazama chini. Kuna chokaa mle, imeganda tangu hamjajua kusoma. Ibandue leo, kwa mkono wako, siyo umtume mtu. Ukimaliza, njoo kwangu na kitambaa chako, birika langu ni baya zaidi.